Ulimi Hufundishika: Sayansi ya Kuacha Uteuzi wa Chakula

Miongoni mwa wanafunzi wa shule za bweni hapakosi mmoja au wawili ambao siku ya mboga za majani hula ugali kwa mchuzi mtupu, na siku ya maharage hushinda na maandazi. Wenzao huwaita wateuzi, na mwalimu wa zamu huwaona kuwa wamedekezwa nyumbani. Methali nayo imekwisha kumhukumu mteuzi kwamba haishi tamaa. Hata hivyo hukumu si maelezo. Kwa nini ulimi mmoja ukatae kile ambacho ulimi wa jirani unakifurahia? Na je, mtu aliyefikisha umri wa miaka 15 akiwa hali mchicha, samaki wala maharage aweza kubadilika kwa kukata shauri tu? Maswali haya yamechunguzwa kwa karibu karne nzima katika maabara, majikoni na katika shule za watoto wadogo, na majibu yake yanamhusu mwanafunzi wa biolojia kama yanavyomhusu mpishi wa shule.

Yafaa kwanza ieleweke ni nini kinachopotea. Umri wa shule ya sekondari ni umri ambao mwili hukua kwa kasi kubwa, kasi ambayo haijaonekana tangu utotoni. Mifupa hurefuka, damu huongezeka, na msichana aliyevunja ungo hupoteza madini ya chuma kila mwezi. Katika milo ya kawaida ya shule madini hayo hutoka zaidi kwenye maharage, kunde, dagaa na mboga za majani, yaani vile vile vyakula ambavyo mteuzi huviacha sahanini. Akiviacha kwa miezi mingi, akiba ya chuma mwilini hupungua, damu hushindwa kubeba oksijeni ya kutosha, naye huchoka upesi, hutweta akipanda ngazi na husinzia darasani. Aghalabu uchovu huo huitwa uvivu. Jambo moja la jikoni lastahili kutajwa hapa hapa: chuma kitokacho kwenye mimea huingia mwilini vizuri zaidi chakula kikiliwa pamoja na ndimu, chungwa au tunda jingine lenye vitamini C kwa wingi, na huingia kwa shida iwapo chakula kitateremshwa kwa chai.

UCHUNGU NA KAZI YAKE

Ulimi hutambua ladha tano za msingi: tamu, chumvi, chachu, chungu, na ile ya tano iliyoelezwa na mwanakemia Kikunae Ikeda wa Japani mwaka 1908, ladha nzito ya mchuzi wa nyama, ya dagaa na ya nyanya zilizoiva, ambayo huitwa umami. (Vitabu vingi vya shule vimechora ramani ya ulimi, utamu ukiwekwa kwenye ncha na uchungu huko nyuma. Ramani hiyo si ya kweli. Kila sehemu ya ulimi yenye vionjio hutambua ladha zote, na mwalimu anayekutana na mchoro huo angefanya vyema kuwaambia wanafunzi waupige mstari.) Kionjio ni fungu dogo la seli zipatazo 50 hadi 100. Seli hizo hazidumu. Nyingi hufa na kuzaliwa nyingine mahali pake kwa muda wa siku kumi hivi. Kwa hiyo ulimi ulioonja mlenda mwezi uliopita si ule ule wa leo. Kinachokumbuka na kukataa ni ubongo.

Kati ya ladha hizo, uchungu ndio mlinzi. Mimea mingi hujikinga kwa sumu, na sumu nyingi za mimea ni chungu. Wakulima wa muhogo walilijua jambo hili kabla ya maabara yoyote: muhogo mchungu hulowekwa, huvundikwa na kuanikwa juani ili sumu yake ya sianidi ipungue. Mahali ambapo kazi hiyo ilikatizwa kwa sababu ya njaa, watu walidhurika. Mwaka 1985 wilayani Tarime, Tanzania, ulizuka ugonjwa wa konzo, ambao hupoozesha miguu, miongoni mwa watu waliokula muhogo mchungu usiotayarishwa vya kutosha. Basi mtoto anayetema kitu kichungu anatumia kinga aliyozaliwa nayo. Taabu ni kwamba kinga hiyo haiwezi kwa yenyewe kupambanua kati ya muhogo wenye sumu na mboga ya mgagani iliyopikwa vizuri kwa maziwa.

Isitoshe, watu hawaonji uchungu kwa kiasi kimoja. Mwaka 1931 mwanakemia Arthur Fox, huko Wilmington nchini Marekani, alikuwa akimimina unga wa kemikali iitwayo feniltiokabamidi, na vumbi lake likaruka hewani. Mwenzake alilalamika kwamba ni chungu mno. Fox mwenyewe hakuonja chochote. Wote wawili walisema kweli. Tofauti hiyo hurithiwa, na mwaka 2003 jeni inayohusika zaidi ilitambuliwa na kupewa jina la TAS2R38. Kemikali zinazofanana na hiyo zimo ndani ya kabichi, sukuma wiki na mgagani, na mtu aliyerithi jeni ya aina yenye kuhisi sana huweza kuziona mboga hizo kuwa chungu kuliko anavyoziona ndugu yake anayekula naye sahani moja. Hivyo si kila mteuzi amedekezwa. Hata hivyo wengi wenye jeni hiyo hiyo huzila mboga hizo kila siku na kuzipenda, jambo linaloonyesha kwamba urithi huanzisha habari lakini hauimalizi.

WOGA WA KITU KIGENI

Kwa kawaida mtoto mchanga hupokea vyakula vingi anavyopewa. Anapoanza kutembea na kuweza kuokota vitu peke yake, kiasi cha miaka miwili hadi sita, huanza kukataa asivyovijua. Wataalamu wanaueleza woga huu kuwa hifadhi ya umri wa hatari, na kwa watoto wengi hupungua kadiri wanavyokua. Wachache hubaki nao hadi utu uzima.

Kilichozoewa hapo awali hupunguza woga huo, na mazoea huanza mapema kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 2001 Julie Mennella na wenzake mjini Philadelphia walitangaza matokeo ya uchunguzi juu ya akina mama waliokunywa maji ya karoti katika miezi ya mwisho ya mimba au walipokuwa wakinyonyesha. Watoto wao, walipopewa uji wenye ladha ya karoti kwa mara ya kwanza, walikunja uso kidogo kuliko watoto wa akina mama waliokunywa maji matupu. Ladha ilikuwa imewafikia kwa njia ya maji ya tumboni au kwa maziwa.

Ipo pia njia ya kinyume, ambayo kwayo chakula kizuri hugeuka kuwa adui kwa siku moja. Mtu hula samaki jioni, usiku akapatwa na homa na kutapika; kisha kwa miaka mingi hawezi kuvumilia hata harufu ya samaki, ingawa anajua fika kwamba ilikuwa malaria. Mwanasaikolojia John Garcia alichunguza jambo hili kwa panya kuanzia miaka ya 1950. Alionyesha kwamba ubongo huunganisha ladha na kichefuchefu hata vikiachana kwa muda mrefu, na kwamba tukio moja hutosha. Ni mafunzo ya upesi kupita kiasi, na akili haiulizwi. Mteuzi akichunguza vizuri aweza kugundua kwamba moja au mbili za chuki zake zina historia ya namna hii.

JINSI MAZOEA YANAVYOGEUZWA

Uchunguzi ambao walimu na wazazi wangepaswa kuufahamu zaidi ulifanywa na Leann Birch na Diane Marlin, ukatangazwa mwaka 1982. Watoto 14 wenye umri wa miaka miwili walipewa vyakula vigeni kwao kwa muda wa siku 25 au 26. Kimoja walikionja mara 20, kingine mara 15, kingine 10, kingine 5 na kingine mara 2 tu. Mwishowe walipoachiwa wachague, mapendeleo yao yalifuata hesabu hiyo: kilichoonjwa mara nyingi ndicho kilichopendwa zaidi. Mwaka 1987 Birch na wenzake waliongeza neno la maana. Watoto waliokitazama tu chakula kigeni walizoea sura yake, lakini hawakukipenda ladha. Ni kuonja kulikobadilisha ladha. Mwanafunzi anayekaa meza moja na walaji wa mchicha kwa miaka minne bila kutia hata jani kinywani asishangae kuona hapendi.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni pilipili. Mmea huu ulitoka Amerika, ukafika Afrika na Asia baada ya safari za Wareno na Wahispania. Pilipili kwa hakika haina ladha ya ukali. Kemikali yake iitwayo kapsaisini huamsha vipokezi vya mishipa ya fahamu vinavyohisi joto la kuunguza. Kipokezi hicho kilitambuliwa mwaka 1997 katika maabara ya David Julius, ambaye alipata tuzo ya Nobel mwaka 2021 pamoja na Ardem Patapoutian. Maana yake ni kwamba mtoto wa Zanzibar anayejifunza kula pilipili anajifunza kupenda maumivu! Paul Rozin alichunguza kijiji kimoja nchini Mexico akaona kwamba watoto hawalazimishwi. Huiona kwa wakubwa, hutiwa kidogo kidogo, na baada ya miaka michache huomba wenyewe. Mbwa na nguruwe wa kijiji hicho hicho, ambao kila siku walikula masalia yenye pilipili, hawakuipendelea. Ikiwa pilipili inazoeleka, mnavu hauwezi kuwa na udhuru.

Kinyume chake pia hutokea. Katika uchunguzi uliotangazwa mwaka 1982, watu wazima waliopunguziwa chumvi kwa miezi mitano walianza kuona supu yenye chumvi ya zamani kuwa imezidi. Wiki za mwanzo chakula kilikuwa chapwa, baadaye kikakolea bila kuongezwa kitu.

Kulazimisha hakusaidii. Mwaka 2006 Amy Galloway na wenzake walionyesha kwamba watoto walioshurutishwa kumaliza supu waliila kidogo kuliko wasioshurutishwa, na waliisema vibaya zaidi. Hata zawadi huleta hasara: Birch alipowazawadia watoto kwa kunywa kefiri, aina ya maziwa yaliyochachuka, upendo wao kwa kinywaji hicho ulishuka. Labda mtoto hufikiri kwamba kitu kinacholipiwa ujira kuliwa hakiwezi kuwa kizuri.

MATAIFA NAYO HUTEUA

Uteuzi si wa mtu mmoja mmoja pekee. Katika miaka ya uhaba wa chakula ya 1970 na mwanzoni mwa 1980, Tanzania ilipokea mahindi ya njano kutoka ng'ambo. Wananchi waliuita unga wake unga wa Yanga, kwa rangi ya klabu ile ya mpira ya Dar es Salaam. Wengi waliula kwa kulazimika, wakinung'unika kwamba ni chakula cha mifugo. Lakini rangi hiyo waliyoichukia hutokana na jamii ya karotini, na baadhi yake mwili huzigeuza kuwa vitamini A, ambayo mahindi meupe karibu hayana kabisa. Walikidharau kilichowafaa, kwa kuwa kilikuja na sura ya njaa. Linganisha na viazi vitamu vya rangi ya chungwa, ambavyo Tanzania huitwa viazi lishe. Rangi yake nayo ni ya karotini. Vilipoenezwa Uganda, Msumbiji na nchi jirani, wataalamu waliwapa wakulima mbegu za kupanda, wakapika mbele ya watu, wakaonjesha, na wakazalisha aina zenye unga mkavu unaopendwa na walaji wa huku. Mwaka 2016 Robert Mwanga wa Uganda, Maria Andrade, Jan Low na Howarth Bouis walipewa Tuzo ya Chakula Duniani kwa kazi ya kuongeza virutubishi katika mazao.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili serikali ya Marekani ilitaka wananchi wale moyo na figo za ng'ombe, kwa kuwa nyama nzuri ilipelekwa jeshini. Msomaji aliyezoea supu ya utumbo atacheka, lakini akina mama wa huko waliziona nyama hizo kuwa kinyaa. Mwanasaikolojia Kurt Lewin aliwagawa katika vikundi. Vikundi vingine vilipewa mhadhara mzuri juu ya lishe na uzalendo. Vingine vilijadili matatizo yao, kisha kila mmoja akaamua na kuinua mkono mbele ya wenzake kwamba atajaribu. Baada ya muda iligunduliwa kwamba kati ya waliohutubiwa asilimia 3 tu walikuwa wamepika nyama ambayo hawakuwahi kuipika. Kati ya walioamua pamoja walikuwa asilimia 32. Mhadhara, tena ulio bora, ulishindwa mara kumi na uamuzi wa dakika chache. Mabaraza ya shule yana la kujifunza hapa.

NIA IWEKWE WAPI

Sasa laweza kujibiwa swali la kukata shauri. Methali husema penye nia pana njia, na watu hushika nusu ya kwanza wakaisahau ya pili. Mteuzi aliyekata shauri huenda bwaloni na kujaza sahani mboga asiyoipenda, akaila kwa kufumba macho, akachefuka, na kesho yake akaacha. Alikuwa na nia ya kutosha. Aliitumia yote siku moja, mahali pabaya, na pengine ameuongezea ubongo sababu nyingine ya kukataa. Nia hufaa zaidi ikitumiwa kabla ya chakula kufika mezani, katika kupanga nini kitaonjwa, kiasi gani, saa ngapi na pamoja na nani.

Kiasi kiwe kidogo hata kiwe cha kuchekesha: kijiko cha chai kimoja. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer ameonyesha kwamba azimio hutimizwa zaidi likifungwa kwenye tukio mahsusi. Kwa hiyo mwanafunzi asiseme tu kwamba ataanza kula mchicha. Aseme: kengele ya chakula cha mchana ikilia na nikishaketi, kitu cha kwanza nitakachotia kinywani ni kijiko kimoja cha mchicha. Njaa ya mwanzo wa mlo ni msaidizi; shibe ni mpinzani. Kuchanganya na kilichokwisha pendwa pia husaidia, kama vile mlenda kidogo ndani ya maharage, au mgagani uliotiwa karanga au maziwa, kisha kichanganyio kipunguzwe polepole. Na chakula kimoja kitoshe kwa wakati mmoja.

Itachukua muda gani? Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuata watu 96 kwa wiki 12 wakijenga mazoea mapya ya kula, ya kunywa au ya mazoezi ya mwili. Matokeo yao, yaliyotangazwa mwaka 2009, yalionyesha kwamba mtu wa katikati alihitaji siku 66 hadi tendo lifanyike lenyewe bila kushindana na nafsi. Aliyewahi alitumia siku 18. Kwa aliyechelewa ilikadiriwa siku 254. Ile siku 21 inayotajwa mara nyingi haikuthibitishwa. La kufariji zaidi ni kwamba kukosa siku moja hakukuharibu mazoea yaliyokuwa yakijengeka. Mwanafunzi aliyeacha kijiko chake Jumamosi aendelee Jumapili, wala asihesabu upya tangu mwanzo.

Mpaka wa mambo haya ni lazima uheshimiwe. Mtu ambaye chakula fulani humvimbisha midomo, humtoa vipele au humbana pumzi ana mzio, na kumwonjesha ni hatari. Wapo pia ambao uteuzi wao umefika mahali pa kupunguza uzito, kudumaza, au kuleta hofu kubwa ya kukabwa na chakula. Tangu mwaka 2013 hali hiyo imeorodheshwa na madaktari wa akili kuwa maradhi yenye jina lake. Watu hao wanahitaji mganga. Hali kadhalika mwiko wa dini au wa ukoo si uteuzi, na haumo katika mafunzo haya.

JARIBIO LA DARASANI

Jaribio la kwanza humalizika katika kipindi kimoja. Kila mwanafunzi afumbe macho na kubana pua barabara, kisha atafune kipande cha embe au mbegu ya iliki. Atatambua utamu au uchungu kidogo tu. Akiachia pua huku anatafuna, ladha kamili hutokea ghafla, kwa kuwa sehemu kubwa ya kile kinachoitwa ladha ni harufu inayopanda puani kwa nyuma ya kinywa. Anayechukia samaki huenda anachukia harufu, na ndimu na tangawizi zaweza kumsaidia kuanza.

La pili huchukua wiki tatu. Mwalimu auchague mboga mmoja salama ambao wengi hawaupendi, upikwe kwa namna ile ile kila siku. Kwanza aulize juu ya mzio, funga na miiko, na kila mwanafunzi awe na ruhusa ya kukataa bila kutaja sababu. Wanaojitolea wagawanywe kwa kura katika makundi mawili. Siku ya kwanza wote waonje kijiko cha chai kimoja na kuandika alama kutoka 1, yaani sipendi kabisa, hadi 9, yaani napenda sana, pasipo kuonyeshana. Kisha kwa siku 15 za masomo kundi moja lionje kijiko hicho kila siku mwanzoni mwa chakula cha mchana, na la pili liitazame tu mboga hiyo sahanini. Siku ya mwisho wote waonje tena na kutoa alama. Wanafunzi watafute wastani wa kila kundi mwanzoni na mwishoni, wachore jedwali, na wajadili kama tofauti ni kubwa kiasi cha kuaminika kwa idadi yao. Daftari lionyeshe pia siku ambazo mtu alikosa kuonja, na alama za waliokosa zilinganishwe na za wale ambao hawakukosa.